Safura, Moyo Mkubwa na Urari wa Maji: Historia ya Istilahi Chache za Uuguzi Kandokando ya Ziwa Victoria

Miongoni mwa karatasi zinazofika mezani petu ili zikaguliwe lugha, zipo ambazo kosa lake hugharimu wino tu, na zipo ambazo kosa lake hugharimu zaidi ya hapo. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya kando ya Ziwa Victoria ambayo hatutaitaja, tulionyeshwa karatasi ya maelezo aliyopewa mgonjwa wa moyo siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Ilikuwa tafsiri, tena tafsiri isiyokuwa na kosa hata moja la sarufi. Katika sentensi yake ya nne mgonjwa aliagizwa kwamba uzito wake ukiongezeka ampashe habari mhudumu wa afya. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee mvuvi wa kisiwani, na mkewe, ambaye ndiye aliyejua kusoma, aliifuata karatasi ile neno kwa neno. Katika wiki ya pili mzee alianza kujaa mwili. Mashavu yakapata umbo na nguo zikambana. Mama yule akaona kwamba heri imeingia nyumbani, akaiweka habari hiyo njema akiba hadi siku ya kliniki. Walipofika hospitali, baada ya mzee kukesha siku tatu akiwa ameketi kwa kushindwa kulala, alimwambia muuguzi aliyewapokea, "Sista, alikuwa ameanza kunawiri, ndipo pumzi ikambana." Muuguzi akamjibu, "Mama yangu, hebu kwanza tuitazame miguu." Akabonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu wa mzee, kidole kilipoondolewa, shimo likabaki.

Mzee alitibiwa akarudi kwao. Mfasiri wa karatasi ile hatumlaumu, maana angeweza kuwa yeyote kati yetu. Alikutana na neno la uzito akaandika uzito, akakutana na neno la kuarifu akaandika kupasha habari. Lakini katika Kiswahili chetu cha kila siku mtu mnene husemwa kuwa ana afya, na aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Kuongezeka uzito ni kupona. Na habari hupashwa watu kwa nafasi, si kwa haraka. Hivyo mke wa mvuvi alisoma Kiswahili sahihi na akakielewa sawasawa. Lililokosekana ni jambo ambalo Kiswahili kile hakikulibeba, yaani kwamba katika ugonjwa huu uzito unaoongezeka ghafla si nyama bali ni maji.

Swali hilo ndilo lililotufanya tufuatilie historia ya istilahi zinazotumika katika kumuuguza mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kuisukuma damu ipasavyo. Tuliianza kazi hiyo tukidhani kwamba ni ya siku mbili tatu.

Neno kongwe kuliko yote katika jambo hili ni safura. Asili yake ni Kiarabu, ambako ni jina la nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne ambayo matabibu wa kale, tangu Wayunani hadi Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, waliamini kwamba kulingana kwake ndiko afya ya mwanadamu. Elimu hiyo ilifika pwani yetu pamoja na vitabu na wasafiri, na ikatuachia maneno ambayo leo tunayatamka bila ya kukumbuka yalikotoka. Baridi yabisi ni mfano mwingine. Yabisi maana yake ni kavu, na ugonjwa wa viungo uliitwa hivyo kwa sababu ulidhaniwa kuletwa na ubaridi na ukavu kuzidi mwilini. Tunalitaja neno hili makusudi, kwani homa ya baridi yabisi, inayoanza kwa mtoto kuumwa koo, ndiyo inayokuja kuharibu vilango vya moyo miaka mingi baadaye. Kwa hiyo maneno mawili ya tiba ile ya kale yanakutana tena katika kitanda kimoja cha hospitali.

Safura ilipokwisha kuingia katika Kiswahili iliiacha nyongo, ikashika maana ya mwili kuvimba na kupauka. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walipomfikia katika sura ya 14 ya Injili ya Luka yule mtu aliyevimba mwili, walimpa ugonjwa wa safura, na kwa wakati ule hapakuwa na neno lililofaa zaidi. Lakini katika zahanati neno hilohilo lilikuwa limekwisha kuelekea kwingine, kwenye ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni hadi mtu akapauka na kuvimba miguu na uso. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, iliyahesabu magonjwa ya minyoo miongoni mwa shabaha zake, na tangu miaka ile maana ya minyoo imeshinda. Leo mwalimu akisema safura darasani, wanafunzi wanafikiria choo na viatu, hawafikirii moyo.

Yafaa tuseme hapa kwamba wazee waliouita uvimbe wote kwa jina moja hawakuwa wajinga. Damu ikipungua sana kwa sababu ya minyoo, moyo hulazimika kukimbia mno ili kuufikishia mwili hewa, na mwishowe huchoka. Ndipo miguu inapojaa maji. Njia ni mbili, lakini zinakutana mahali pamoja. Waingereza nao walikuwa na neno lao moja kwa uvimbe wote wa maji, na waliling'ang'ania hadi karne ya 19. Mwaka 1785 daktari wao William Withering alipochapisha kitabu chake juu ya jani la digitali, aliandika juu ya dawa ya uvimbe wa maji, wala hakuandika juu ya dawa ya moyo, ijapokuwa alitambua kwamba jani lile lina nguvu juu ya mwendo wa moyo. Dawa ya digoksini iliyokuja kutolewa katika mmea wa jamii hiyohiyo ilitengwa mwaka 1930. Basi hata kwao tiba ilitangulia na jina likafuata nyuma kwa miaka mingi.

Ziwa letu si geni katika mambo ya namna hii. Robert Koch, mtaalamu Mjerumani, alifika Mwanza mwaka 1906 kabla ya kuhamia katika visiwa vya Sese kuchunguza ugonjwa ambao Kiswahili kimeuita malale, jina lililotoka waziwazi katika kitenzi lala, na ambalo hadi leo hakuna kamati iliyoona haja ya kulibadilisha. Mwaka 1949 ilianzishwa Mwanza idara ya utafiti wa matende, ambayo kazi yake ilikua hadi ikaja kuwa kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Matende yanatuhusu, kwani muuguzi wa kando ya ziwa aonapo mguu umevimba hana budi kuuliza ni uvimbe wa namna gani. Mguu wa matende yaliyokomaa ni mgumu, mara nyingi ni mmoja, na haubonyei. Mguu wa moyo ni laini, mara nyingi ni yote miwili, na ukibonyezwa hubaki shimo. Kiswahili kina kitenzi bonyea, na hatukuona sababu ya watafsiri kadhaa kuandika "uvimbe wenye kuacha alama baada ya mgandamizo." Uvimbe unaobonyea unatosha. Neno la watu lililo sahihi haliongezewi heshima kwa kurefushwa.

Tukija sasa kwenye jina la ugonjwa wenyewe, ndipo penye mgogoro. Katika hati tulizokusanya tuliona majina haya yakitumika bila ya utaratibu: moyo kushindwa kufanya kazi, kushindwa kwa moyo, moyo kufeli, udhaifu wa moyo, moyo kuchoka, na katika vinywa vya wagonjwa, moyo mkubwa au moyo umetanuka. Mfasiri mmoja aliyetaka kulibeba kila neno la Kiingereza aliandika "kushindwa kwa moyo kwa msongamano," na tulipolisoma mbele ya wenzetu kuna aliyeuliza kama ni ajali ya barabarani.

Ugumu ni kwamba katika Kiswahili moyo si nyama tu. Mtu hupiga moyo konde, hutiwa moyo, hufa moyo, huvunjika moyo. Tena aliye mkarimu ana moyo mkubwa. Jirani zetu Wajaluo wa Rorya wanayo nafuu, kwa kuwa Kijaluo huita kiungo kinachodunda adundo, na hisia na roho wakazipa chuny, neno ambalo pia ni la ini. Mwenye adundo mgonjwa hakuna atakayemdhania kwamba amekosa ujasiri. Sisi hatuna mgawanyo huo. Mgonjwa anapoambiwa kwamba moyo wake umeshindwa, husikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba kiungo kimesimama, na kwamba yeye mwenyewe ameshindwa. Wauguzi tuliozungumza nao walitueleza kwamba wapo wanaogeukia ukutani baada ya kuambiwa hivyo, wakaacha kula na kuacha dawa, kwa kuwa wameelewa kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Kwa upande wetu tunaona kwamba kushindwa kwa moyo libaki kuwa jina la ugonjwa katika vitabu vya mafunzo, kwa sababu limekwisha kuzoeleka na kwa sababu linafanana na kushindwa kwa figo na kushindwa kwa ini. Lakini katika karatasi ya mgonjwa tunapendelea moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Ni refu, tunakiri. Hata hivyo neno vizuri ndilo linalomwachia mgonjwa kitanda cha kulala na kesho ya kuamkia. Moyo mkubwa hatulikubali wala hatulikatazi: lina picha ya kweli, maana moyo ulioelemewa hupanuka, lakini si kila moyo ulioshindwa ni mkubwa, na mkarimu asije akapelekwa kupigwa picha ya kifua.

Kuhusu moyo kufeli, wapo waliotushutumu kwa kulikataa wakati tunakubali kufeli mtihani. Jibu letu ni hilohilo la mtihani. Anayefeli amejaribu akakosa alama, na mgonjwa wa moyo hakufanya mtihani wowote.

Sasa tuwatazame wanaozitumia istilahi hizi kila siku. Wamisionari wa Afrika walifungua kituo cha Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na katika misheni za ukanda huu, kama kwingineko nchini, kazi ya kuwatunza wagonjwa ilianzia mikononi mwa watawa. Ndiyo sababu neno sista lilitoka katika utawa likahamia wodini, hata leo likawa ni heshima apewayo muuguzi mwanamke yeyote, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini ya kitabu. Serikali ya kikoloni nayo, katika miaka ya 1920, ilileta dresa, yule msaidizi wa vijijini aliyefunzwa kufunga vidonda na kugawa dawa chache. Nesi lilikuja pamoja na shule. Huko Sumve, wilayani Kwimba, shule ya uuguzi na ukunga ya misheni ilisomesha wasichana waliokwenda kufanya kazi kote Usukumani na mbali zaidi. Hospitali ya Sengerema ilijengwa mwaka 1959. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, ikatwaliwa na serikali mwaka 1972, kisha mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa Baraza la Maaskofu kwa makubaliano na serikali, huku ikiendelea kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Chuo kikuu cha afya kilianza hapohapo mwaka 2003, mwaka uleule ambao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba.

Katika majina yote hayo, Kiswahili chenyewe kilikuwa nalo lake, muuguzi, ambalo vitabu vya zamani viliandika mwuguzi. Kitenzi ugua kimezaa uguza, na tunaomba wasomaji walitazame vizuri umbo hili. Kulisha ni kumfanya mtu ale, kulaza ni kumfanya alale, lakini kuuguza si kumfanya mtu augue. Ni kukaa naye katika kuugua kwake. Kwa asili aliyeuguza alikuwa ni mama, mke, dada au shangazi. Wasomaji wa riwaya ya Aniceti Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kufasiriwa na mwandishi mwenyewe kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980, watakumbuka jinsi matibabu ya Bugonoka yanavyokuwa ni shughuli ya nyumba nzima. Baadaye muuguzi akawa ni mwenye cheti na sare, na ndugu akabaki hana jina. Sisi tunapendekeza ndugu huyo aitwe muuguzaji, neno ambalo limekuwapo muda mrefu likitumika kama pacha wa muuguzi bila kazi maalumu. Si suala la mapambo. Karatasi ya hospitali inayosema "muuguzi apime maji anayokunywa mgonjwa" haimwambii lolote mke wa mvuvi, kwa kuwa anajua kwamba yeye si muuguzi. Ikiandikwa muuguzaji, kazi imepata mwenyewe.

Na kazi ni nyingi. Mgonjwa huyu hawezi kulala chali, kwani maji humrudi mapafuni. Huwekwa nusu ameketi, mgongo ukiegemezwa. Vitabu vya Kiingereza huhesabu mito: mgonjwa wa mito miwili, wa mito mitatu. Hesabu hiyo ina maana penye mito. Katika kambi za wavuvi mtu huegemea gunia lililokunjwa au kiti kilichopinduliwa chini ya godoro, kwa hiyo swali la muuguzi lisiwe "unatumia mito mingapi" bali "unaweza kulala ukiwa umenyooka?" Pumzi fupi ina maneno tele katika Kiswahili, kutweta, kuhema, kubanwa na pumzi, na wagonjwa wengi husema wana pumu, jambo ambalo huwapoteza hata watoa dawa. Kuhusu vidonda vya kulala upande mmoja, kusafisha kinywa, kumgeuza mgonjwa na kumpa hewa ya oksijeni hatuna la kusema, kwani maneno yapo na yanaeleweka.

Kwenye dawa tulikumbana na kichekesho. Dawa zinazomfanya mgonjwa akojoe maji yaliyozidi mwilini, ambazo furosemaidi ndiyo mashuhuri tangu miaka ya 1960, ziliitwa katika rasimu moja "vikojozi." Kwa kanuni za uundaji wa maneno hakuna ubaya. Lakini kila aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba kikojozi ni mtoto, au hata mtu mzima, anayelowesha kitanda, na hakuna mzee atakayekubali kuandikiwa kikojozi na daktari. Dawa ya kukojoza wengine wameiona haina adabu. Sisi tunaiona ni ya kweli, ila tumekubali kwamba dawa ya kupunguza maji mwilini itumike mbele ya watu. Kwa digoksini muuguzi ana sharti la kuhesabu mapigo ya moyo kwanza, na yakiwa chini ya 60 kwa dakika asimpe mtu mzima dawa hiyo kabla ya kumwuliza daktari. Sharti hili likitafsiriwa lisiachwe na kitenzi cha hiari. "Ni vyema kupima" si "lazima apime."

Kisha kuna daftari la maji. Muuguzi huandika kila kikombe kinachoingia na kila mkojo unaotoka, akalinganisha jioni. Wauguzi huiita chati ya maji, na kwa mazungumzo ya wodini inatosha. Bali jina la tendo lenyewe halikuwapo. Watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili wanalijua neno urari kutoka katika hesabu, kama katika urari wa malipo na urari wa biashara. Tumeona kwamba urari wa maji unabeba maana yote: kuingia, kutoka, na kilichobaki. Muuguzi mmoja mzee tuliyemtajia alicheka akasema, "Ndugu zangu, nimekuwa mhasibu miaka thelathini bila kulipwa posho ya uhasibu."

Chumvi inadai maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapa mfasiri anaweza kuwa sahihi katika kila neno na bado asimfae mgonjwa. Madini ya sodiamu huyashika maji mwilini, kwa hiyo mgonjwa huagizwa apunguze chumvi. Wasukuma wanaijua thamani ya chumvi tangu enzi za misafara yao kwenda kuichota katika Ziwa Eyasi. Leo mtu wa kando ya ziwa akiambiwa apunguze chumvi, ataondoa kijiko mezani, na hapo ataona ametii. Lakini maharage yake yamepikwa kwa magadi, na magadi nayo ni sodiamu. Na kitoweo chake pengine ni kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi na kukaushwa, bidhaa inayojaza magunia katika soko la Kirumba ikisafirishwa hata Kongo. Sangara mwenyewe ni mgeni katika ziwa hili, ametiwa majini katikati ya karne iliyopita, na katika ghuba ya Mwanza alienea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo hakuna kitabu cha zamani cha uuguzi kitakachomtaja. Sato mbichi hana lawama. Mfasiri anayekaa mbali na mwalo hataona kasoro katika "punguza chumvi," na hakuna kamusi itakayomzindua.

Mizani nayo ina historia yake Usukumani. Wakulima wa pamba waliibiwa katika mizani za wanunuzi kwa miaka mingi, na ilikuwa ni katika kudai mizani ya haki ndipo ulipozaliwa ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, uliokuja kuunganishwa mwaka 1955 katika shirikisho kubwa la vyama vya ushirika vya kanda hii. Kwa hiyo mkulima mzee hahitaji kufundishwa kwamba kilo mbili ni kitu. Kinachohitajika ni kumwambia kilo mbili hizo ni za nini, na apime lini: asubuhi, akisha kwenda haja, kabla ya kula, kwa nguo zilezile. Pasipo na mizani, muuguzi wa hospitali ile tuliyoitembelea alikuwa akiwafundisha wauguzaji kutazama kandambili. Asubuhi ambayo mkanda wa kandambili unaacha alama juu ya mguu, ndiyo asubuhi ya kuanza safari.

Na safari si ndogo. Kwa wagonjwa wa Sengerema na Geita, kuvuka Kigongo na Busisi kulikuwa ni kungoja kivuko, mchana na usiku, hadi daraja la kilomita 3 hivi lilipofunguliwa Juni 2025. Watu wa visiwani wangali wanangoja chombo. Ndiyo maana tunashikilia kwamba maneno ya muda katika karatasi hizi, leo, siku hiyohiyo, usingoje, yana uzito kuliko jina la ugonjwa lililotuchukua vikao vingi.

Kuhusu visababishi vya ugonjwa, mambo yamebadilika na istilahi hazina budi kubadilika pamoja nayo. Mwaka 1948, upande wa pili wa ziwa, katika hospitali ya Mulago, J. N. P. Davies alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hujaa makovu magumu, na kwa miaka mingi vitabu viliutaja kuwa ni ugonjwa wa watu wa nchi hizi. Hauna jina la Kiswahili lililokubaliwa. Kovu la utando wa moyo ndilo tunalolipendekeza. Siku hizi kisababishi kikuu ni kingine. Uchunguzi uliofanywa Muhimbili mwaka 2012 na 2013 na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kushindwa kwa moyo walikuwa wamefikishwa hapo na shinikizo la damu, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Mwaka 2015 ilianzishwa Dar es Salaam taasisi ya moyo yenye jina la Jakaya Kikwete. Lakini mtu wa Mwanza husema ana presha, na akimeza dawa hadi presha ikashuka, husema imepona, akaacha. Kosa hilo si la mgonjwa pekee. Presha imezoeleka kama neno la hali inayopanda na kushuka, kama hasira, wala si la ugonjwa unaokaa. Shinikizo la damu, ambalo Baraza limelisimamia, halijaonyesha bado kama litafanya vizuri zaidi, na hatutaki kujisifu.

Tulirudi katika hospitali ile tukiwa na rasimu mpya ya karatasi. Muuguzi aliisoma mbele ya wauguzaji watatu waliokuwa kibarazani, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kisukuma, na kila walipokunja uso tulifuta. Sentensi ya nne sasa inasema hivi: "Mgonjwa akiongezeka kilo 2 katika siku 3, hajanenepa, ni maji yamerudi, muuguzaji amlete siku hiyohiyo, asingoje kliniki." Sentensi ya chumvi imetaja magadi na kayabo kwa majina yao. Mzee mmoja kati ya waliokuwa wakisikiliza aliuliza kama dagaa aliyeanikwa juani bila chumvi yumo katika katazo hilo, na kwa kuwa rasimu yetu haikusema, tuliiongeza palepale kwa kalamu.